Farasi Kumi na Tano

Jumatano, 7 Agosti 2024

Shemeji Maneno amemaliza mabawa ya ndege yake! Mabomba ya alumini na turubai la bluu, uwanja wote umejaa. Kuku wamehamia kwa jirani. Sasa anapiga hesabu ya injini – iwe na nguvu kiasi gani? Anaandika huku ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Marehemu mume wangu Abeid alikuwa hivyo hivyo. Ndugu mpaka ulimi.

Ijumaa, 9 Agosti

Hesabu inataka uzito. Mizani ipo kwenye mashine ya kukoboa, lakini mabawa hayaingii mlangoni. Maneno akaning'iniza mti kwenye boriti ya banda, kamba katikati. Upande huu ndege, upande ule gunia la mpunga la jirani yetu Godfrey. Vikalingana! Gunia ni kilo mia, nani asiyejua. Maneno mwenyewe ana sabini na nane. Jumla mia na sabini na nane.

Jibu: nguvu ya farasi kumi na tano. Na pikipiki ya Abeid ina kumi na tano! Imelala chini ya kanga tangu arobaini yake. Nimeifunua mwenyewe.

Godfrey anacheka. "Maneno, hicho kikiruka, mimi nataga yai."

Jumamosi, 10 Agosti

Nimefagia banda, nikaliona lile gunia kwa karibu. Lumbesa! Limeshonewa kilemba cha kamba juu, na kilemba kimejaa. Nimeshona magunia sokoni miaka sita, siwezi kukosea. Nikamuuliza Godfrey.

"Ah, dada, gunia ni gunia!"

Tumelipeleka mashineni. Kilo mia na thelathini na moja.

Niliogopa kumwambia Maneno. Jumatatu alitaka kuruka. Nikamwambia. Hakununa hata kidogo. "Shemeji, ningeishia kwenye mikonge!" Akacheka, akafungua ukurasa mpya, akaanza moja. Mimi ningelia. Mtu wa namna hii unaweza kumtazama siku nzima.

Jumapili, 11 Agosti

Farasi kumi na tisa. Sisi tunazo kumi na tano tu. Kutwa ametafuta cha kupunguza kwenye ndege. Hakuna, kila bomba lina kazi. Akakaa chini. Kisha akanitazama.

"Shemeji, una kilo ngapi?"

"Arobaini na saba."

Akajifuta yeye, akaniandika mimi, akajumlisha. Kalamu ikasimama. Akafunga daftari haraka – eti alikuwa anauliza tu.

Lakini nilishaona. Mia na sabini na nane.

Hakuniomba. Akaenda kukaza nati ambazo zilishakazwa jana.

Jioni nimepika ugali na mlenda. Maneno amekula vizuri. Mimi tonge tatu, nikasukuma sahani – arobaini na saba isije ikazidi.