Mashine inayokataa asubuhi tu

Gisenyi, Jumatano jioni, 1956

Lakini kwa nini asubuhi tu? Kufika saa sita mashine ya mashua inakwenda vizuri. Asubuhi inatoa moshi mweupe, inagonga, inatetemeka.

Leo asubuhi, mashine ikiwaka, nililegeza bomba linaloleta mazutu, yaani dizeli, kwenye silinda ya kwanza, ikataka kuzimika. Nikafunga, nikalegeza la pili: mashine haikubadilika, ikagonga vilevile. Donc, basi, ubaya iko pale, kwenye enjekta ya pili, mdomo wa kurushia mazutu, ile nimeshaisafisha mara tatu.

Mara zote nilikuwa naitumbukiza kwenye petroli kwanza. Leo niliifungua ingali baridi, nikakwangua ncha yake kwa ukucha. Kitu chekundu, laini kama mshumaa. Kikayeyuka kiganjani. Nikanusa: mawese.

Nilicheka peke yangu. Mazutu yetu yanakaa kwenye pipa lililokuja na mawese kutoka Kongo. Baridi ya usiku inagandisha mabaki, mashine ikipata moto yanayeyuka. Kumbe ni hilo tu.

Mateso, aliyekuwa nahodha wetu, alipita ufukweni. "Kaka, umeona ubaya yake?"

"Bado," nikasema.

Sijui kwa nini nilidanganya. Ama najua. Wiki jana Mzee Salumu, mwenye mashua, alimwondoa kazini kwa sababu mimi nilisema anawasha mashine vibaya, anaiharibu.

Kesho kabla ya kugusa mashine nitakwenda kwa Mzee kumwambia habari ya mawese. Ataniuliza nani aliosha lile pipa.

Niliosha mimi, kwa maji ya ziwa, bila sabuni.