Chumba Kimoja na Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Februari. Busia

Vichwa vingi leo. Madereva wa malori wanasubiri kuvuka, hawana la kufanya, wanakuja kunyolewa. Mashine inanguruma, nywele zinaanguka, mimi niko mbali.

Nabwire ametuma sauti. Mke wangu hunong'ona siku hizi. Kule melini wanalala wengi chumba kimoja, na daima kuna mmoja aliyetoka zamu. Anatandika vitanda vya watalii. Mwaka wa pili sasa. Akoth wetu akiulizwa mama yuko wapi, anaonyesha simu.

Meli yao inakuja Mombasa, itazunguka visiwani na kurudi. Mfanyakazi anaruhusiwa kualika watu wawili wa nyumbani. Amewaalika wazazi wake. Nimefurahi. Nimeumia pia. Vyote viwili.

Jumatano, 5 Februari

Baba mkwe amekataa. Amenipigia kutoka Buhehe. "Mimi na samaki napatana kwa sahani tu. Nenda wewe, mkwe. Mama yenu hawezi kwenda peke yake."

Pasipoti ninayo. Niliitengeneza mwaka jana kwa matumaini tu. Nikamkubalia kabla sijafikiri.

Kisha nikafikiri. Kwetu Paya na kwao Buhehe, jambo hili ni moja. Mkwe hali mbele ya mama mkwe, wala yeye hali mbele ya mkwe. Hawashikani mikono. Mkwe haingii chumba anacholala mama mkwe. Wakikutana njiani, mmoja anapisha. Tangu nioe sijamtazama usoni hata mara moja. Namjua kwa kikohozi chake na kwa rangi ya gomesi lake, gauni lile refu la kijani lenye mshipi mwekundu.

Tiketi ni za chumba kimoja.

Jumapili, 9 Februari

Nimezungumza na Nabwire baada ya ibada. Mimi Kidhopadhola, yeye Kisamia. Kiswahili ndicho kilichotuozesha. Ameuliza ofisini kwao. Meli imejaa, hakuna chumba kingine hata cha dirisha bovu. Nikamwambia nitalala nje, kwenye sitaha. Akacheka. Akaona sicheki, akaacha.

Halafu akaanza kunifundisha, kama mwalimu wa darasa la kwanza. Tufike Mombasa siku moja mapema, meli haijui habari ya basi kuharibika. Dawa, pasipoti na kadi ya homa ya manjano zikae mkononi, maana mabegi makubwa huchukuliwa mlangoni na kuletwa baadaye sana. Sweta, kwa kuwa ndani kuna baridi ya mashine. Tujifunze ngazi, lifti zimejaa watu wakati wote. Data tuizime kabla ya nchi kavu kupotea. Tangawizi kwa ajili ya mama.

Sikumwambia neno langu. Mkataba wake unaisha mwezi wa nne. Nataka arudi. Nitamwambia uso kwa uso, nikiwa nimemshika mkono. Dada yangu atabaki na Akoth.

Jumatano, 12 Februari. Melini

Basi hadi Nairobi, yeye mbele, mimi nyuma kabisa. Treni hadi Mombasa, behewa moja, migongo imetazamana. Hatujasemezana ila kupitia kwa watu. Mama mmoja wa Voi alituchukulia maneno safari nzima, bila kuuliza kwa nini. Mungu ambariki.

Halafu meli. Nilidhani ni jengo la bandari. Ni kama mtu ameupaka Mwamba wa Tororo chokaa, akausukuma majini. Watu kama mnada wa ng'ombe. Kila mmoja ana sanduku, kila mmoja anauliza njia.

Kabla ya kuondoka wakatuita sote kwa zoezi la hatari. Kila chumba kina mahali pake pa kusimama siku ya balaa. Chumba kimoja, mahali pamoja. Tukasimama na maboya ya kuvaa shingoni, kati yetu Wajerumani wawili wanene. Nikawashukuru kimoyomoyo. Mkanda wa boya la mama ulikuwa umejikunja. Niliuona. Mikono yangu ikabaki mfukoni. Mjerumani akamfungia.

Nabwire akaja dakika chache tu. Sare ya bluu, nywele zimefichwa. Akapiga magoti kumwamkia mama yake hapohapo kwenye ujia, wageni wakijibana kupita. Mimi akanipa mkono. "Karibu, Baba Akoth." Mkono baridi, unanuka sabuni. Nikasahau hotuba yangu yote.

Alhamisi, 13 Februari

Sikujua meli imeondoka. Nilifumba macho Mombasa ipo, nikafumbua haipo.

Nalala kwenye kiti kirefu cha kando ya bwawa la kuogelea, juu, chini ya paa la turubai. Mchana hakuna anayeshangaa, wote wamelala. Bahari haina mwisho wala mwanzo. Haina hata pa kuanzia kuitazama. Naota niko dukani, namnyoa mtu, nywele zinazoanguka ni maji. Naamka, maji. Sijui usingizi unaishia wapi. Sijawahi kupumzika hivi maishani, na bado mgongo unauma.

Naoga kwenye bafu la bwawa. Nguo zangu Nabwire huniletea, zimekunjwa kama za mgeni.

Chakula ndiyo shida. Ukumbi ni mkubwa kuliko soko letu, na saa ya watu wote huwezi kuona meza. Nabwire ametuambia tusiende na umati: twende mwanzo kabisa au mwisho. Basi mimi mwanzo, mama mwisho. Ila leo nilichelewa kuondoka. Nikaliona gomesi la kijani mlangoni. Na yeye akaniona. Akaweka sahani chini, tupu, akageuka kama aliyesahau kitu. Nikatoka mbio kwa mlango wa pili.

Sijui kama alirudi kula.

Ijumaa, 14 Februari

Kisiwa. Mchanga mweupe, harufu ya karafuu. Mama mbele, mimi nyuma yake umbali wa kurusha jiwe. Aliponunua chungwa nami nikanunua. Kama mtu na kivuli chake, ila kivuli kina aibu.

Nabwire ametuonya: mfuate saa ya meli, si saa ya kisiwa, na mrudi mapema. Tulirudi mapema mno. Kutoka juu nikawaona mume na mke wanakimbia gatini na mifuko ya vinyago, wanapunga. Meli ikatoka. Hawakupiga kelele hata. Walisimama tu, wakawa wadogo.

Nimemwona mke wangu mara mbili leo. Mara ya pili alikuwa amesimama mbele ya wasichana sita, anawaeleza jambo kwa Kiingereza, nao wanaitikia kwa kichwa. Hakuniona. Sauti yake haikuwa ya kunong'ona. Nilijificha nyuma ya nguzo kama mwizi. Nilijivunia. Niliogopa.

Jumamosi, 15 Februari

Bahari imegeuka. Viti vyangu vimefungwa kamba, sitaha imefungwa. Watu wanatembea kama walevi. Nilikaa katikati ya meli, ghorofa ya chini, ambako Nabwire alisema hakutikisiki sana. Nilitafuna biskuti kavu, nikatazama mstari wa mbali dirishani. Nikawa salama.

Mama hakutokea mchana. Nikasubiri ukumbini mpaka wa mwisho wakatoka, nimejificha kwenye pembe. Hakuna gomesi.

Nikapanda ngazi. Mlango wetu una utepe mwekundu, Nabwire aliufunga siku ya kwanza ili mama asipotee, milango yote inafanana. Nikagonga. Kimya. Nikakohoa jinsi mkwe anavyokohoa uani. Kimya. Nikatafuta mhudumu, hayupo, wote wako na wagonjwa. Nabwire yuko upande mwingine, simu yake iko sandukuni wakati wa zamu.

Kadi ya kufungulia ilikuwa mfukoni mwangu tangu Mombasa. Sikuwahi kuitumia. Nikasimama. Nikasema maneno mafupi kwa baba yangu aliye kaburini Paya. Sijui alijibu nini.

Ndani ikatoka sauti nyembamba. "Wewe mkwe. Mimi nakufa, wewe naogopa mlango?"

Nikafungua.

Alikuwa sakafuni kati ya vitanda viwili. Ametapika mpaka hakuna cha kutapika. Midomo imekauka. Hana gomesi, amejifunga leso tu. Nikamtazama usoni. Mara ya kwanza. Ni uso wa Nabwire, umekunjwa na kukunjuliwa mara nyingi. Nilitaka kulia, sikuwa na nafasi.

Nikamfuta. Nikamfunika shuka. Nikampa maji kwa kijiko. Nikamuuliza amekula lini.

"Jumatano, kule Mombasa. Na chungwa."

"Kwa nini, mama?"

"Kila nikiingia naona kama wewe uko. Ningekula namna gani?"

Nami nilikuwa nimekula mayai kila asubuhi. Nikambeba. Ni mwepesi, wepesi wa kutisha. Ujia ukainuka, ukalala, nikagonga bega huku na huku. Alinishika shingo kwa mikono yote miwili. Watu wakatupisha. Hakuna aliyejua tunachovunja.

Jumapili, 16 Februari

Zahanati ya meli. Dripu. Bahari imetulia kama haikufanya kitu. Mama amelala, ameamka, amekunywa mchuzi huku nimegeuza kiti ukutani. Nikasikia kijiko kinagonga bakuli. Sauti nzuri kuliko zote nilizosikia huku.

Nabwire akaja baada ya zamu, macho mekundu. Akakaa kitandani. Mama ndiye aliyeanza.

"Nabwire. Mume wako ana neno. Tangu Busia ameliweka mdomoni kama maji ya moto."

"Nalijua, mama."

"Basi mjibu."

Nabwire akanigeukia. Alisaini mkataba mpya wiki moja kabla hatujapanda. Wamempa sitaha nzima aisimamie. Atakuja mwezi wa tano, atakaa mpaka wa saba, ataondoka tena. Aliogopa kuniambia kwenye simu. "Nilitaka uone kwanza," akasema. "Nilitaka muone wote."

Nilikasirika. Niliandaa maneno tangu mwezi wa pili haujaanza, na tulipopanda jibu lilikuwa limeshapigwa sahihi. Nikamwambia Akoth anadhani wewe ni simu. Lilikuwa neno baya. Nikaliona likimfikia.

Hakulia. Akasema polepole, kwa Kiswahili chetu cha nyumbani: "Huko nilikuwa mke wa kinyozi. Nilipenda. Hapa mimi nani, wewe umeona." Kichwa chake kikashuka. Akalala ameketi, katikati ya ugomvi, mkono wake ukiwa juu ya mguu wa mama yake.

Tukamtazama, mimi na mama mkwe, pamoja, chumba kimoja. Mama akasema kwa sauti ya chini nisimwamshe. Sikumwamsha.

Jumanne, 18 Februari. Mombasa

Tumeshuka. Ardhi inayumba bado, magoti hayaamini. Nabwire alituaga kwenye ngazi ya wafanyakazi. Nikamshika mkono kwa muda mrefu kuliko inavyoruhusiwa. Nikamwambia sijapoa. Akasema anajua. Nikamwambia anafanya kazi vizuri. Hapo ndipo alipolia.

Kwenye treni mama alikaa mbele tena, mgongo kwangu. Yule mama wa Voi hakuwepo wa kutuchukulia maneno. Mama mkwe akazungumza na dirisha: "Nyumbani kuna kuku mweupe. Tutafanya kama inavyotakiwa." Nami nikalijibu dirisha langu: "Ndiyo, mama."

Jumamosi, 1 Machi

Wazee wameketi. Kuku amechinjwa, tumenyunyiziwa maji kwa majani, mwiko tuliouvunja tumesamehewa. Baba mkwe alicheka mpaka fimbo ikamwanguka. Kuanzia leo njia ni ile ya zamani. Yeye upande wake, mimi wangu.

Nilifikiri nitaona nafuu. Nimeona upweke kidogo. Ajabu.

Akoth nimemweleza juu ya meli. Anataka kujua mama analala wapi, dirisha liko upande gani. Nimemwambia chumba hakina dirisha.

Jumapili, 11 Mei. Buhehe

Nabwire yuko nyumbani tangu Alhamisi. Siku ya kwanza Akoth alimwamkia kama mgeni, kwa magoti, kisha akakimbilia kwangu. Jana amelala naye. Leo hamwachi hata aende kuchota maji. Mwezi wa saba upo, tunaujua, hatuutaji.

Tumekuja kwa wazazi wake. Mvua imenyesha asubuhi, migomba inadondosha matone. Nimekaribishwa ndani peke yangu, mlango umerudishwa, kama inavyotakiwa. Ugali wa mtama, samaki, mboga. Nimekula taratibu. Akoth anacheka mahali fulani uani.

Kupitia ukutani namsikia mama mkwe jikoni. Anaongea Kisamia, lakini hiki nakielewa.

"Amekula?"

"Amekula, mama," Nabwire anajibu.

Kifuniko cha sufuria.

"Mwongeze."