Mialiko Iliyojaa Kwenye Simu ya Mama

Issuna, Ikungi,
Singida.
22 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Laurian,

Marahaba. Najua ungeniamkia, basi nimeitikia mapema salamu isije ikapotea njiani. Hujambo lakini? Baridi ya huko Kanada imekuachia masikio? Unakula? Sisi tu wazima. Mama goti linamsumbua asubuhi, likishapata jua linanyamaza. Alizeti tumeshapiga, na huu upepo wa Juni unavuma toka alfajiri, vumbi mpaka kwenye chumvi.

Usishangae kupata karatasi. Mama ndiye aliyesema niandike kwa mkono, uuone mwandiko wangu huu wa kuku ujue ni Redempta kweli na si tapeli. Maana simu, mdogo wangu, imetutenda.

Unakumbuka ulivyomwekea mama kalenda kwenye ile simu uliyomletea, ili kila Jumapili ukikaribia kupiga imwite kwa kengele? Ilikwenda vizuri tu. Kisha ikaanza kuita na siku nyingine. Mama akifungua anakuta mwaliko: mkutano wa wafanyabiashara Dubai, sherehe ya washindi, zawadi yako inakungoja, bonyeza hapa. Watu hatuwajui, majina hayatamkiki, na wamejiandika wenyewe kwenye siku zetu.

Mimi ningenyamaza. Mama je? Wewe unamjua. Kwake mtu akikualika, hata kama huna nauli, jibu unapeleka. Kulikuwa na vitufe vitatu: Ndiyo, Hapana na Labda. Hapana aliiona ni utovu wa adabu, eti mtu kakukumbuka halafu unamfungia mlango usoni. Basi akawajibu wote Labda, kwa maana ya Mungu akipenda. Loo! Wiki haikuisha, ikaja mialiko mingine, nayo ikazaa mingine, hata ile Jumapili yenyewe jina lako unalitafuta hulioni.

Nisikufiche, alifurahi. Jioni akishafungia kuku anakaa pale ukutani kwenye jua la mwisho, miguu kainyoosha, ananiuliza, "Leo tumealikwa wapi, Redempta?" Namsomea. Anafumba macho, anakwenda. Huko Dubai anakuta ukumbi una mazulia, wenyeji wamevaa nguo nyeupe, wanampa kiti cha mbele. Anaona hawajui kupika mlenda, anawafundisha taratibu. Nacheka, lakini na mimi huwa naingia kidogo. Alizeti zilikuwa zimechanua mpaka nyuma ya nyumba, upepo unapita katikati yake, nasi wawili tupo harusini kwa watu tusiowajua, tumeshiba, hatuna haraka ya kurudi. Nilizipenda jioni zile.

Halafu wewe ukanyamaza. Tangu Pasaka simu yako haipatikani. Mama akaanza kuamka kabla ya jogoo ili aiangalie simu.

Mwezi uliopita ukaja mwaliko wenye jina lako. Laurian anarudi nyumbani, Jumamosi, bonyeza uthibitishe. Hapo hapakuwa na Labda. Mama alibonyeza Ndiyo, akabonyeza tena na tena mpaka nikamnyang'anya simu.

Laurian, nyumba ilisilibwa udongo mpya. Jogoo mwekundu alichinjwa. Shangazi Luciana alitoka Kintinku na kibuyu cha maziwa mapajani. Mama akavaa kitenge chake cha Krismasi, tukakaa kituoni pale barabarani toka asubuhi. Mabasi ya kutoka Dodoma yakawa yanakuja moja moja, na kila likisimama nilikuona unashuka. Kweli nilikuona, begi begani, umenenepa kidogo, unacheka. Vumbi likitulia ni mtu mwingine. Jua lilipozama mama akasema huenda basi limeharibika njiani. Hakulia. Niliyelia ni mimi, nikasingizia vumbi.

Kesho yake nikaipeleka simu kwa Gervas, fundi simu wa pale sokoni. Akapekua, akaguna. "Hawa hata hawamjui mama yako," akaniambia. "Wanapiga hodi kila nyumba duniani. Anayeitikia ndiye wanayemrudia." Kumbe kila Labda ya mama ilikuwa inawaambia ndani mna mtu! Na siku moja alibonyeza kiungo chao, akakubali kila alichoulizwa, wakapata majina ya watu aliowahifadhi kwenye simu, lako likiwemo. Gervas akasema tapeli anaweza kulivaa jina la mtu yeyote. Mialiko ya namna ile usiijibu hata kwa Hapana, usifungue viungo vyake, iripoti kuwa ni taka, na kalenda uipange ipokee watu unaowajua tu.

Dawa tukawa nayo, mama akakataa. Aliichukua simu akaifunga kwenye pindo la khanga. Je, kama ule mmoja ni wako kweli, na umechelewa tu? Tukiufuta tumekufuta na wewe. Nikafoka, "Mama, hao ni matapeli!" Akaniuliza, "Una hakika?" Nani ana hakika na wewe siku hizi?

Akakaa nayo hivyo hivyo, mialiko yote na wa kwako mle ndani. Alhamisi hii napepeta uwele, namwona huyo anakuja, simu mkononi. "Futa," akasema. Nikauliza kulikoni. Akasema amefikiri sana. "Mwanangu hawezi kuniomba nithibitishe kama aje kwao. Hata alipokuwa anarudi kutoka shule ya bweni hakuwa ananiambia, nilikuwa nakuta tu ugali wa kwenye sufuria umepungua. Aliyeandika haya hakulelewa nyumba hii."

Nikafuta. Dubai ikaenda, washindi wakaenda, na Jumamosi ile ikaenda. Zimebaki Jumapili zako tu. Mama aliitazama kalenda kwa muda, akasema kumetulia mno.

Sasa nakuomba, na nakuomba kwa hasira, ujue. Sitaki zawadi wala maelezo marefu. Kama umekwama, sema. Kama kuna aibu, iandike hivyo hivyo, hakuna aibu ambayo mama yetu hajapata kuiona. Mistari miwili tu kwa mkono wako, kwamba u hai. Nimechoka kumwambia mama uko salama wakati sijui.

Mjomba Urbano anakusalimu sana. Shangazi Luciana naye anakusalimu, na anasema maziwa yake yaliganda kwa ajili yako. Mungu akufungulie palipofungwa, akulinde usiku na kazini, na asikuache peke yako.

Nilitaka kumalizia kwa kukuambia karibu nyumbani. Mama, ambaye yuko hapa pembeni namsomea, amenikataza. Anasema karibu huambiwa mgeni. Wewe uje tu.

Dada yako, anayekupenda hata akiwa amekasirika,

Redempta