Mbuzi Aliyesoma Mpaka Ijumaa

Mwalimu wangu wa darasa la tano,

Salamu zikufikie popote walipokupeleka. Mimi ni yule wa dawati la nyuma, karibu na dirisha lililovunjika, yule uliyezoea kumwambia, "Mdomo wako ungekuwa jembe, shule nzima ingeshalimwa." Mdomo bado ninao. Siku hizi naufanyia kazi sokoni Kibuye, napiga kelele watu wapishe mkokoteni. Leo Jumapili nimevuta magunia na marobota ya mitumba tangu kabla ya jua, mpaka mabega yanakataa hata shati. Usinionee huruma, Kibuye nzima hakuna wa kunipita. Nimechoka tu. Nimechoka ile ya kuvua kiatu kimoja na kusahau kingine. Anwani yako sina, ndiyo maana barua hii iko wazi. Nitampa dereva wa trekta la miwa anayerudi Muhoroni, asome atakayesoma.

Unakumbuka shamba letu la malenge nyuma ya darasa, lile la kushindana na sukuma wiki ya darasa la sita? Ijumaa moja ulitutoa nje, ukainama, ukatuonyesha ua lenye kitoto cha malenge nyuma yake. "Hili ni la kike. Malenge hutoka hapa." Kengele ikalia. Ukasema habari ya nyuki na yale maua mengine ni Jumatatu.

Mimi huyu, wa kungoja Jumatatu?

Jumamosi niliruka seng'enge. Maua yenye kitoto nikayaacha. Yale yenye kikonyo kitupu nikayahukumu papo hapo: wavivu, wanakula mbolea na hawazai. Nikayang'oa yote, hata mengi yaliyokuwa bado yamefumba, nikajaza shati. Nilijiona profesa. Mama akayapika pamoja na susa, majani yale yale ya malenge, tukala na ugali, akanisifu kwamba sasa naleta kitu nyumbani.

Jumatatu ulikuja kutufundisha juu ya ule unga wa njano, jinsi nyuki anavyoubeba miguuni kutoka ua la kiume hadi la kike, na kwamba bila unga huo kale katoto hunyauka kakaanguka. Hukupata hata ua moja la kiume la kutuonyesha. Nyuki walikuwa wanaingia maua ya kike na kutoka miguu mitupu. 

"Nani amefanya hivi?"

"Mbuzi, Madam," nikasema. "Mbuzi wa jirani. Nimewaona kwa macho yangu."

"Wangapi?"

"Watatu, Madam. Mmoja ana pembe moja."

Ukalitazama shamba, kisha ukanitazama. "Mbuzi anayeacha majani, akaacha maua ya kike, akachagua ya kiume peke yake? Yawa! Huyo mbuzi amesoma mpaka Ijumaa."

Darasa zima likacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, maana niliona nimepona.

Ndipo ukasema, "Wewe unayewajua mbuzi vizuri, kesho saa kumi na mbili uje na unyoya wa kuku. Wewe ndiye utakuwa nyuki."

Sijawahi kuchoka vile, hata Kibuye sijachoka vile. Umande mpaka magotini, mgongo umepinda, wewe na leso begani ukinielekeza. Kila asubuhi lilifunguka ua la kiume moja, siku ya baraka mawili, kutoka yale machache niliyoyasahau yakiwa madogo. Ninapitisha unyoya ndani yake, naubeba ule unga kama dawa, napaka katikati ya ua la kike kabla jua halijalifunga. "Polepole, nyathina, mwanangu," ukasema. "Nyuki hapigi rangi ukuta." Na nyuki wenyewe walikuwa pale pale. Mmoja alishamaliza kazi na kuondoka, mimi bado natafuta ua la pili. Jioni nilisinzia na kijiko mdomoni.

Tukapata malenge matatu.

Siku ya wazazi mwalimu mkuu aliwaleta wageni mpaka shambani. "Watoto arobaini, malenge matatu! Madam, hii ni nini?"

Nilikuwa nyuma yako, unyoya mfukoni. Ningesema neno moja tu. Mdomo wa kulima shule nzima ukagoma.

Ukasema, "Kosa ni langu, Mzee. Niliwafundisha nusu."

Muhula uliofuata hukurudi. Walisema umehamishwa, pande za Muhoroni. Sijui kama ni kwa sababu ya malenge, na hakuna niliyethubutu kumuuliza. Mimi nikafika darasa la saba, karo ikakataa, nami nikawa wa nusu.

Kwa nini nakuandikia leo? Jana asubuhi, hapa Migosi ninakokaa na dada yangu, nilimkuta binti yake Akinyi nyuma ya nyumba, kwenye mmea wetu wa malenge kando ya mtaro. Ana bakuli. Anang'oa. "Anko, haya hayazai," ananiambia, kifua mbele, profesa mwingine. Nilipiga kelele mpaka wapangaji wakatoka nje.

Nikachutama naye, mabega yakilia. Nikamtafutia unyoya. Nikamwonyesha ule unga, nyuki naye akaja akatuonyesha vizuri zaidi. Halafu nikamweleza yote, hata mbuzi wa pembe moja. Ni mara ya kwanza namweleza mtu.

Akauliza, "Na Mwalimu wako alijua ni wewe?"

Nikafungua mdomo niseme hapana. Nikautazama ule unyoya mkononi mwake. Kati ya watoto arobaini, unyoya ulimpa nani?

Ulijua, na bado ukajisimamisha mbele ya wazazi wale. Basi niseme sasa, nimechelewa miaka: kosa halikuwa lako. Hukufundisha nusu. Mimi ndiye niliyetoroka na nusu.

Mkono umechoka kuliko mabega. Naomba unisamehe, na ukae salama huko uliko. Acha nivue hiki kiatu cha pili. Kesho saa kumi na mbili mtoto anataka nyuki, na nyuki ni mimi.

Mwanafunzi wako,
yule mbuzi.