Fundi Hakusema "Nenda"

Jumapili, mwezi wa saba. Baridi ya leo inakata masikio, na upepo umeamka kabla yetu. Nimevaa sweta mbili za mtumba, moja juu ya nyingine, na bado vidole vinagoma kuchapa. Niko intaneti kafe, kompyuta ya pembeni kabisa, nimewapa watu mgongo ili mzazi yeyote akiingia asimwone mwalimu wa darasa la nne akifuta machozi kwa mkono wa sweta.

Nimesalitiwa.

Nimeliandika neno hilo, nikalifuta, nikaliandika tena. Sasa nimeliacha.

Kwa ninyi wawili watatu mnaosoma ukurasa wangu huu, acha nianzie mbali kidogo. Lile ghala la zamani la ushirika, tangu wafanyabiashara waanze kununua mahindi shambani kwa malori yao wenyewe, halina kazi tena. Siku hizi ni banda la video. Kila Jumamosi saa nane mchana tunajazana humo kuangalia mfululizo wa Kizungu ambao una miaka mitatu sasa na haujaisha: watu wamo ndani ya chombo angani, nchi yao imekufa, wanatafuta pa kuishi. Jina lake halisi linatushinda kutamka. Sisi tunauita Wahamaji.

Jina hilo alilitoa Savio, mtafsiri wetu. Savio ni binamu yangu, mtoto wa shangazi. Alikaa seminari miaka miwili, akatoka bila upadri lakini na Kiingereza kizuri na sauti ya kuongoza misa. Husimama pembeni ya televisheni na maiki mkononi, anapunguza sauti ya Wazungu, anatusimulia yeye. Nahodha wa chombo, ambaye ni mwanamke, kwa Savio hufoka kama mama muuza ulezi aliyeombwa punguzo mara ya nne. Utani wa wazee anautia kwa Kifipa. Watu humfuata Savio kuliko picha, na mimi nilikuwa wa kwanza.

Jumamosi ya wiki iliyopita, si ya jana, ilikuwa ile sehemu ya mlango. Chombo kimetua mahali pa baridi, maadui wanakuja, fundi wa injini yuko nje anatengeneza kitu. Huyu fundi tumekuwa naye tangu siku ya kwanza. Nahodha anafunga mlango, fundi anabaki nje, uso wake uko kwenye kioo, chombo kinaondoka. Hapo Savio akaizima kabisa sauti ya televisheni. Kisha akasema taratibu, kwa niaba ya fundi: "Nenda, dada. Mimi nitabaki." Akina mama wakavuta kanga machoni. Mimi nililia mpaka mama mmoja niliyekaa naye benchi moja akanipigapiga mgongoni.

Wiki nzima mji ukagawanyika. Kwenye mashine ya kusaga, kwa wauza dagaa wa kutoka Wampembe, kule ziwani, ofisini kwa walimu, habari ni nahodha tu. Mimi nilikuwa upande wake. Nilisema hana kosa, kwa sababu mwenye kuachwa ameridhia kwa mdomo wake. Nilisema kwa ukali ambao hata mimi ulinishangaza.

Aliyenipinga ni Shija, mwalimu mwenzangu. Wazazi wake walikuja na ng'ombe kutoka usukumani, wakaweka makazi kule bondeni, kwa hiyo habari za kuhama anazijua. Alisema kwao, wakihama, anayeswaga ng'ombe wa mwisho husubiriwa hata kama kunakucha. Halafu akaniambia hivi: "Mwalimu, mtu aliyekubali kubaki hapigi kioo ngumi." Akauliza pia kwa nini Savio alizima sauti. Nilimjibu kwamba yeye anajua ng'ombe, mambo ya angani atuachie sisi. Ofisi nzima ikacheka, naye akacheka, lakini hakulegea.

Basi leo baada ya misa nimekuja hapa kumtafutia Shija jibu la kumnyamazisha. Nimeupata ukurasa ambao mashabiki wa nchi za mbali wanagombana juu ya mlango ule ule. Kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne na kamusi magotini, nilisoma nikicheka peke yangu. Kumbe na wao ni kambi mbili. Kumbe na wao wanatukanana.

Kisha nikafika mahali mtu ameandika maneno ya fundi, neno kwa neno. Hakuna aliyeyabishia, si wa kambi hii wala ile. Fundi alisema: usiniache. Alisema: uliniahidi. Aliyarudia mpaka picha ikakatika.

Neno "nenda" halikuwepo. Wala "dada".

Nilitoka hapa mbio mbio hadi kwa Savio. Nyumba yake iko nyuma ya ghala. Nilimkuta mlangoni akifuta diski kwa pindo la shati, na sikumpa hata salamu, nilimwambia tu kwamba fundi hakusema "nenda". Hakukataa. Alisema watu wanakuja wamechoka na majembe, benchi la mbele wamekaa wazee wenye misiba yao, kwa nini awarudishe nyumbani na kilio cha yule mtu? Akatabasamu, akasema mjumbe hauawi.

Nilikuwa karibu kucheka. Savio ndivyo alivyo, humchukii hata ukijaribu. Ila hilo neno mjumbe lilinisimamisha.

Kwa sababu Savio aliwahi kuwa mjumbe wangu.

Miaka saba iliyopita nilichaguliwa kwenda chuo cha ualimu. Mwaka huo huo mdogo wangu Ester alichaguliwa kwenda sekondari, na mama yetu, kule nyumbani Kate, alikuwa amepooza upande mmoja. Hatukuwa na mwingine. Mmoja wetu ilikuwa lazima abaki. Mimi nilikuwa hapa mjini kwa shangazi nikisubiri siku ya safari, na Kate simu haikuwepo, maneno yalisafiri na watu. Nikamtuma Savio akamuulize Ester anasemaje. Alirudi siku ya tatu juu ya lori la mahindi, mweupe kwa vumbi, akasimama mlangoni akanipa jibu la mdogo wangu: "Nenda, dada. Mama nitabaki naye mimi."

Maneno hayo yamenilea. Nimeyalalia chuoni, nimeyabeba siku ya mahafali. Mama alipofariki nilikwenda kumzika, Ester akanipa mkono kama anavyompa mgeni, nami nikasema ni majonzi. Hatujawahi kuizungumzia siku ile hata mara moja. Mimi niliona kumshukuru ni kutonesha kidonda. Kila mavuno ananitumia unga wa ulezi, umefungwa vizuri, bila neno. Nikawaambia watu mdogo wangu ni mtu wa maneno machache.

Leo nikamuuliza Savio, siku ile Ester alisema nini.

Aliweka diski chini. Akachukua nyingine iliyokwisha kufutwa, akaanza kuifuta upya. Halafu akasema, bila kuniangalia: "Alisema usiondoke kabla hujafika nyumbani mkaongea. Alilia sana, Leokadia."

Akanieleza. Alijua nikifika Kate nikamwona mama kitandani na Ester analia, nisingeondoka, na Ester naye asingeondoka, tungebaki wote wawili kwenye matuta ya maharage. Alitaka angalau mmoja wetu apate kusoma. Aliyasema kwa upole mkubwa, na huo upole ndio unaoniuma kuliko yote, kwa sababu siwezi hata kumwita mtu mbaya. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki changu kimenipenda tangu utotoni.

Miaka saba Ester anaamini nilimsikia. Anaamini alinililia nami nikapanda basi. Ananiona kama Shija anavyomwona nahodha, na bado ananisagia ulezi.

Nimemkasirikia Savio, na sitasema nimemsamehe, maana sijamsamehe. Lakini huu ni ukurasa wangu, nikidanganya hapa nitasema kweli wapi?

Kati ya jibu la Savio na safari yangu kulikuwa na siku nne. Kate siyo angani. Malori yalikuwa yakienda kila asubuhi, ningeweza kupanda moja na jioni nikawa jikoni kwa mama. Sikupanda. Jibu lilikuja vile vile nilivyolitaka, na mtu akiletewa anachokitaka hapekui. Asiyekuwepo na lake halipo, na mimi nilishukuru kimoyomoyo kwamba Ester hayupo. Shija alimsoma mtu kwa kumwona nyuma ya kioo, mchana mmoja, sauti imezimwa. Mimi nilikaa na uso wa mdogo wangu siku tatu za msiba nisiusome.

Ndiyo maana nilimtetea nahodha kwa ukali ule. Sasa najua.

Savio alitaka twende wote Kate, aniombee kwa Ester, amweleze vizuri. Nikamwambia hapana. Amekwisha kueleza vizuri vya kutosha.

Kabla ya kurudi hapa nilipita kwa Shija. Nimemwomba kesho anishikie darasa, na mwalimu mkuu nimemwachia ujumbe kuwa nina dharura ya nyumbani. Nikamwambia Shija kuwa kuhusu kile kioo alikuwa sahihi. Nilitegemea anicheke. Aliniangalia tu, akauliza kama nina nauli na kama nimekula.

Basi linaondoka asubuhi. Tangu nikae hapa nimekuwa nikitunga cha kumwambia Ester, na kila ninachotunga kinatoka kama cha Savio, kitamu, cha kuliza benchi la mbele. Nimeyaacha yote. Sijui kama atanifungulia. Akinifungulia nitakaa jikoni, chini, nimwombe aniambie mwenyewe yale maneno aliyomtuma Savio miaka saba iliyopita. Ayaseme yote, kwa sauti yake, hata kama ni ya kunifukuza.

Safari hii sauti haizimwi.