Shavu la Baba na Mifupa ya Hamisi

Alhamisi, Msambweni. Asubuhi mvua ilinyesha kidogo, kisha jua likatoka kali kana kwamba limechelewa kazini.

Leo tumemzika kaka yangu Hamisi. Nimechoka, lakini moyo umetua.

Alichukuliwa na Mto Ramisi wakati wa masika, akivuka na pikipiki yake. Pikipiki ilipatikana, yeye hakuonekana. Miezi ikapita, kisha wakata fito wakakuta mifupa kwenye mikoko karibu na Majoreni. Ilibidi ipimwe DNA, maana wapo wengine waliopotea msimu ule, na huwezi kuzika mtoto wa mwenzio ukamwita wako.

Tulipoitwa hospitali, Baba hakungoja aelekezwe. Aliketi akaachama. Alikuwa amepiga mswaki mara mbili kwa heshima ya kile kijiti cha pamba wanachokusugulia shavuni. Dada wa maabara akamwamkia vizuri, kisha akauliza, "Samahani mzee, marehemu ulimzaa mwenyewe?"

Baba akabaki ameachama.

Nyumbani kwetu swali hilo halijawahi kuulizwa. Mama, Mungu amrehemu, aliolewa na Baba akiwa na Hamisi mgongoni. Mimi nikazaliwa baadaye. Mimi najua, Hamisi alijua, mtaa mzima unajua. Lakini neno "baba wa kambo" halijapata kuvuka kizingiti chetu. Nilitamani kile kijiti kivunjike.

Baba akafunga mdomo taratibu. "Nilimlea," akasema. "Chukua ya huyu binti. Wametoka tumbo moja."

Yule dada alinieleza kwa upole. Kuna DNA ambayo mama huwapa watoto wake wote, na baba haimhusu kabisa. Hiyo hudumu mfupani hata ile nyingine ikishaharibiwa na maji na joto. Wangelinganisha ya mfupa wa paja na yangu. Peke yake haitoshi kumtaja mtu, alisema, maana watu wa ukoo mmoja kwa upande wa mama hufanana. Lakini Hamisi alikuwa na chuma mguuni tangu alipoanguka na pikipiki miaka ya nyuma, na chuma hicho kimeonekana kwenye mifupa. Vyote viwili vikikubaliana, shaka inaondoka. Nilimsikiliza kwa makini sana ili nisimtazame Baba.

 Njiani kurudi nilimwonea Baba huruma mpaka nikamkasirikia, sijui kwa nini.

Juzi majibu yakatoka. Ni yeye. Baba alisema "Alhamdulillahi", akaenda kuwapa kuku maji, na alikaa huko muda mrefu kuliko kuku wanavyohitaji.

Sisi wanawake hatuendi makaburini, kwa hiyo haya nimeyapata kwa Ami Juma, mdogo wake Baba. Walikuja jamaa wa yule aliyemzaa Hamisi, watu wazima wa heshima, kutoka Lunga Lunga. Kaburini hushuka walio karibu na marehemu kwa damu, ndivyo tulivyozoea, na wao wakaanza kukunja kanzu. Watu wakatazamana. Hakuna aliyetaka kuwa msemaji, si wa kuwazuia wala wa kumzuia Baba.

Baba, na magoti yake yale mabovu, alikuwa ameshashuka.

"Nipeni mwanangu," alisema kutoka chini.

Wakampa. Ami Juma anasema Baba aliipokea ile sanda ndogo, akailaza mwenyewe.

Nimelia nilipoambiwa, na sioni haya kuliandika hapa. Ile karatasi ya maabara ina jina langu na jina la Mama, la Baba halimo. Siilaumu, imesema ilichoulizwa.

Kesho watakuja wageni wa hitima, wengine hawatujui vizuri, na lazima atatokea mmoja wa kuuliza yule mzee aliyekaa kimya pembeni ni nani wa marehemu. Nitamjibu nikiwa na sinia mkononi, bila kusita.

Ni babake.