Daftari Alilokataa Kulitupa Zuhura

Mjukuu wangu Neema, marahaba. Bibi yako hajambo, na mihogo ya Dutumi imestawi. Miezi minne kimya, leo mfumo wa kompyuta ndio umekukumbusha babu!

Unauliza kama kampuni yenu itupe madaftari siku ya kuuwasha. Nilipofunga wangu, kwenye ghala la mahindi pale Sofu, nilimwamuru Zuhura, mtunza ghala, ayatupe.

"Nifukuze, mzee, lakini mwezi huu naandika kote kuwili."

Wiki ya pili kompyuta ikasema mahindi yameisha. Nikaanza kurudisha wateja. Daftari la Zuhura likasema magunia ishirini yapo. Tulipokea arobaini ya lumbesa kutoka Mzenga, tukayapakia upya yakawa sitini ya kawaida, na kompyuta ilijua arobaini tu.

"Kahesabu mwenyewe, mzee."

Nilihesabu mara mbili. Mwanamke yule! Kabla hamjatupa kitu, mtafute Zuhura wa kwenu.

Babu yako, anayesubiri simu.